Nilivyosoma Nchini Italia

Na mwanafunzi wa zamani

Niliwahi kukalia madawati hayo hayo unayokalia wewe leo. Mlezi wa Chama cha Kiswahili aliponitaka nieleze maisha ya mwanafunzi nchini Italia, nilicheka kidogo. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa Kidato cha Pili niliandika insha ya safari ya Ulaya, nikaijaza ndege na mataa ambayo sikuwa nimeyaona hata siku moja. Mwalimu alinipa alama 11 kwa 20 na kuniandikia kwa kalamu nyekundu, "Andika unachokijua." Basi leo naandika ninachokijua.

Nilikwenda Italia mwezi wa Septemba mwaka wa 2021, nikasoma sayansi ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Bologna, na nikahitimu mwaka wa 2024. Nitaeleza mambo manne: lugha, karatasi, mtihani, na aibu iliyonipata Napoli. Mengine nitayapitia juu juu.

LUGHA YA UFUONI

Mimi ni mtu wa Malindi, na kwetu Mwitaliano si kioja. Tangu miaka ya 1960 Waitaliano walikuwa na kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu. Kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini ndiko ilikorushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Ilipewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Baadaye zikaja hoteli, mikahawa na majumba ya wageni, hata watoto wa ufuoni wakawa wanahesabu kwa Kiitaliano kabla ya kujua hesabu ya kuzidisha.

Baba yangu mdogo huuza vinyago. Likizo nilikuwa nikimsaidia, na hapo nikaokota maneno: bei gani, rafiki, karibu, punguza kidogo. Nilipomaliza Kidato cha Nne nilisoma Kiitaliano mwaka mzima, nikafaulu mtihani wa kiwango cha B2 unaotakiwa kwa masomo yafundishwayo kwa lugha hiyo. Nikajiona nimefika. Kumbe!

Ndugu msomaji, Kiitaliano kinamfaa sana Mswahili. Maneno yake mengi huishia kwa irabu kama yetu, na kwa kawaida husomwa kama yalivyoandikwa. Jihadhari tu na herufi "c": mbele ya "i" au "e" hutamkwa kama "ch" yetu, na wao wakiandika "ch" hutamka "k". Nomino zao zina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na kivumishi sharti kifuate nomino. Wenzangu kutoka nchi nyingine walilia na jambo hilo. Mimi niliyelelewa na ngeli za KI-VI, LI-YA na nyinginezo nikaona mbili ni mchezo. Lakini mkazo ulinitesa. Sisi twatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Wao mara nyingi hufanya hivyo, mara nyingine hawafanyi. Meza ni "tavolo," na mkazo uko mwanzoni. Mimi nikawa nauweka katikati, watu wakaniuliza ninatafuta nini.

Kubwa zaidi lilikuwa adabu. Kiitaliano kina "tu," yaani wewe, la rafiki, mtoto na ndugu. Lakini mtu mzima usiyezoeana naye, au mwalimu wako, humwambii "tu." Humwita "Lei," neno ambalo maana yake ya asili ni "yeye" wa kike, hata kama ni mzee mwenye ndevu! Na kitenzi nacho hugeuka kuwa cha nafsi ya tatu, kana kwamba unamsema bibi fulani asiyekuwapo. Nilikuwa nimeyasoma haya kitabuni, lakini ulimi wangu ulifundwa ufuoni, ambako kila mtu ni "tu" na kila salamu ni "ciao." Wiki ya kwanza nilimwendea profesa mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, nikamwambia, "Ciao! Habari yako wewe?" Alitabasamu tu. Waliokuwa nyuma yangu ndio walioshika vichwa. Jamani, ni kama umeingia ofisi ya mwalimu mkuu hapo shuleni ukasema, "Niaje, mzee!" Tangu siku hiyo kila nilipotaka kumsemesha mkubwa, moyoni nilitanguliza shikamoo, ndipo ulimi ukakumbuka "Lei."

KARATASI

Mwanafunzi mgeni akishatua Italia hupewa siku 8 za kazi awe ameomba kibali cha kukaa. Unakwenda posta, unachukua bahasha yenye fomu, unajaza, unabandika stempu ya ushuru ya euro 16, unalipa, unapewa risiti. Risiti hiyo uitunze kama mboni ya jicho, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako hadi utakapoitwa kuchukuliwa alama za vidole polisi, na kibali chenyewe huja baada ya muda mrefu.

Halafu kuna nambari ya kodi. Ina herufi na tarakimu 16, na bila hiyo hupangi nyumba wala hufungui akaunti ya benki. Hutungwa kutokana na jina lako, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Nami nilipopewa yangu nikaona wamekosea: nimezaliwa tarehe 9, wao wameandika 49! Nikamrudia karani kwa hasira. Akanieleza taratibu kwamba kwa wanawake huongeza 40 kwenye siku ya kuzaliwa, ndivyo nambari inavyomtambulisha mwanamke. Nikaomba radhi, kwa "Lei" safari hii.

Na sasa nifike kwenye kiini cha hadithi yangu, nayo ni pesa. Baba yangu ni mvuvi. Hangeweza kunisomesha Ulaya hata auze mashua na nyavu. Nilikwenda kwa msaada wa masomo unaotolewa na mikoa ya Italia, na jambo ambalo wengi kwetu hawalijui ni kwamba msaada huu hutazama kwanza mapato ya familia. Mwanafunzi kutoka nje anaweza kuuomba sawa na Mwitaliano, mradi athibitishe kipato cha nyumbani kwao kwa hati zilizotafsiriwa na kuidhinishwa. Hapo ndipo penye kazi, maana mvuvi hana hati ya mshahara! Tulizunguka kwa chifu, kwa wakili na kwa mfasiri mpaka viatu vya baba vikatoboka.

Nikapata. Lakini masharti niliyotia sahihi yalikuwa haya: kabla ya tarehe 10 Agosti niwe nimepata krediti 20. Nisipozifikisha, nusu ya pili ya fedha singepewa. Na kama hadi mwisho wa Novemba bado sijazifikisha, ningetakiwa kurudisha hata zile nilizokwisha kula. Baba alipolisikia hilo kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, soma."

CHUMBA, KAHAWA NA SAA

Bologna ni mji wa watu karibu laki nne, na chuo chake kina wanafunzi zaidi ya 80,000. Husemekana kilianza mwaka wa 1088, nacho huhesabiwa kuwa chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Ulaya. Njia zake za miguu zimefunikwa kwa mapaa yanayobebwa na nguzo, jumla yake kiasi cha kilomita 62, hata mvua ikinyesha unaweza kwenda mjini usilowe sana. Mwaka wa 2021 zilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Uzuri huo wote, lakini chumba hakipatikani. Nilikuwa nikipiga simu, mwenye nyumba akisikia lafudhi yangu, chumba "kimechukuliwa sasa hivi." Dakika tano baadaye mwenzangu Mwitaliano akipiga, chumba kipo. Sitaki kusema wote ni hivyo, kwani hatimaye niliyepangishwa naye alikuwa mama mmoja mjane aliyeniuliza swali moja tu: kama ninajua kufunga gesi. Nilikaa na wasichana watatu waliotoka kusini mwa Italia. Nao pia ni wageni Bologna, na kila mwezi mama zao huwatumia maboksi ya mafuta ya zeituni, jibini na nyanya za chupa. Mamangu naye akinitumia viungo vya pilau kwa mtu asafiriye. Siku boksi likifika, la Kalabria au la Malindi, hakuna asomaye.

Chakula kina mambo yake. Ile tambi ya nyama inayoitwa "bolognese" ulimwenguni, Bologna kwenyewe huli kwa spageti. Mchuzi huo huliwa kwa tambi pana za mayai, nayo mapishi yake yaliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji mwaka wa 1982. Kuna pia vitambi vidogo vilivyofungwa kama kitovu, vinavyopikwa kwa supu. Ndani yake aghalabu mna nyama ya nguruwe. Mimi sili nguruwe, kwa hiyo sentensi niliyoisema kuliko zote ilikuwa ya kuuliza kama kuna nguruwe ndani.

Kahawa ndiyo iliyonifanya nijione nyumbani. Wanakunywa kikombe kidogo, chungu, wakiwa wamesimama, wakizungumza siasa na mpira. Si ile ile kahawa chungu ya barazani kwetu, kasoro kashata tu? Ila mahali wanapoinywea huitwa "bar." Nilimwandikia mamangu kwamba kila asubuhi kabla ya darasa napitia baa na wenzangu. Simu ikalia papo hapo. "Baa? Asubuhi? Wewe mtoto, hiki ndicho ulichoendea kwa Wataliano?" Ilinichukua nusu saa kumtuliza.

Na saa! Siku moja nilipanga na mwenzangu tukutane maktabani saa nne. Nikatafsiri neno kwa neno. Mimi nikafika asubuhi, yeye akaja saa kumi alasiri, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Nikamweleza kwamba kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Alifikiri kidogo akasema hesabu yetu ina akili kuliko yao.

MTIHANI WA MDOMO

Huko masomo mengi hutahiniwa kwa mdomo. Unaketi mbele ya profesa, wenzako wako nyuma wanasikiliza, unaulizwa, unajibu. Alama ni kwa 30, na ukipata chini ya 18 umeanguka. Aliyefanya vizuri kupita kiasi hupewa 30 na sifa juu yake. Ajabu ni kwamba hata ukifaulu unaweza kuikataa alama yako! Profesa anakwambia 21, unaitazama, unasema asante, nitarudi. Na kuna nafasi kadhaa za kurudia: Januari na Februari, Juni na Julai, tena Septemba.

Mtihani wangu mkubwa ulikuwa Kemia, krediti 8. Mingine miwili nilikuwa nayo yenye krediti 6 kila mmoja. Wewe jumlisha: 6 na 6 na 8 ni 20 kamili. Hapakuwa na nafasi ya kuteleza.

Mwezi wa Februari nikaingia. Nilikuwa nimekariri daftari zima, kama tulivyokuwa tukikariri hapo shuleni usiku wa manane. Profesa akaniuliza pH ni nini. Nikamwaga ufafanuzi wote bila kupumua, na hata "Lei" sikuikosea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema, "Mkulima ana shamba lenye asidi nyingi. Atie nini?" Nikajibu, "Chokaa." Akasema, "Vizuri. Perché?"

Perché maana yake ni "kwa nini." Neno dogo tu. Nilinyamaza. Nilikuwa najua kuwa ni chokaa, kwa sababu kitabu kilisema chokaa. Lakini kwa nini chokaa na si chumvi au sukari? Daftari langu halikuwa limefika huko. Nilisikia kiti kikilia nyuma yangu. Profesa akangoja, akangoja, kisha akasema kwa upole, "Binti, unajua mengi. Rudi ukiwa umeyaelewa."

Nilitembea chini ya zile nguzo nikilia, na ukungu wa Bologna ukanisaidia, hakuna aliyeniona. Usiku sikumpigia baba. Nilikuwa nikiiona ile mashua.

Kuanzia hapo nilibadilisha namna ya kusoma. Kila sentensi ya daftari niliiandikia "kwa nini" pembeni, na nisipopata jibu sikuigeuza karatasi. Wale wasichana watatu wakawa maprofesa wangu: huku wanapika, mmoja ananiuliza, nami nasimama karibu na meko nikieleza kwa sauti. Nilipokwama kwa Kiitaliano nilijieleza kwanza kwa Kiswahili, kisha nikatafsiri. Na hapo nikagundua jambo: nilichoweza kukieleza kwa Kiswahili, nilikuwa nimekielewa. Nisichoweza, nilikuwa nimekikariri tu.

Mwezi wa Julai nikarudi. Joto lilikuwa kali kama la kwetu Februari. Profesa akanitambua, akaniambia, kama wafanyavyo wengine huko, nianze na mada niipendayo. Nikasema, "Chokaa." Akacheka.

Nikamweleza jinsi tunavyopata chokaa Pwani. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa kuni nyingi. Jiwe hilo ni kalisi kabonati. Moto ukizidi hutoa hewa ya kaboni dioksidi, ikabaki chokaa isiyozimwa. Ukiimwagia maji huchemka yenyewe na kuwa chokaa iliyozimwa, ile wanayochanganya mafundi. Ikishapakwa ukutani hukauka, huku ikivuta polepole ile hewa iliyoipoteza motoni, hata ikarudi kuwa jiwe. Majumba ya kale ya mwambao wetu yamejengwa hivyo. Kisha nikalirudia lile shamba: asidi ya udongo ikikutana na kabonati, kabonati huimeza, zikatoka maji na kaboni dioksidi, na udongo ukapoa. Ndiyo sababu ni chokaa. Chumvi ya kawaida haina cha kuimezea asidi hiyo, wala sukari haina.

Aliniuliza mengine matatu, kila moja na perché yake. Mwishoni akaandika, akanigeuzia karatasi: 26. "Unaikubali?" Jamani, hata ingekuwa 18 ningeikubali! Zilibaki wiki tatu kufika tarehe 10 Agosti. Nilimpigia baba akiwa ndiyo kwanza anatoka baharini. Akauliza, "Ishirini zimetimia?" Nikamwambia zimetimia. Akasema, "Haya, ngoja niuze samaki."

AIBU YA NAPOLI

Mwaka wa pili nilikwenda Napoli kutembea. Kuna chuo huko kiitwacho L'Orientale, ambacho chanzo chake ni mwaka wa 1732, na Kiswahili hufundishwa hapo. Mwanazuoni Elena Zúbková Bertoncini, aliyeandika kitabu cha Kiingereza kuhusu fasihi ya Kiswahili mwaka wa 1989, alifundisha chuoni hapo. Rafiki yangu alinikutanisha na wanafunzi wanaosoma lugha yetu. Nikaenda kifua mbele. Mswahili wa Malindi ataulizwa nini na Waitaliano?

Msichana mmoja akafungua daftari lake, akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Dada, kuna tofauti gani kati ya nyumbani pana wageni, nyumbani kuna wageni na nyumbani mna wageni?"

Nikasema zote ni sawa, twazitumia zote. Akaniuliza, "Kwa nini basi ziko tatu?"

Perché ile ile! Imenifuata mpaka kwenye lugha ya mamangu. Nilitafuna maneno, wakanisaidia wao: PA ni mahali dhahiri, panapojulikana, KU ni mahali pasipo dhahiri, pa jumla, MU ni ndani. Mwalimu wangu wa Kidato cha Tatu alikuwa ametuchorea jambo hilo ubaoni, hapa, huku na humu, nami nikawa nachungulia dirishani nikingoja kengele ya chakula. Nimekwenda kufundishwa ngeli ya PA-KU-MU na Mwitaliano! Mwalimu, ukiisoma makala hii, niwie radhi.

KUHITIMU

Bologna kuna minara miwili ya kale. Mrefu unaitwa Asinelli, mita 97, na ngazi zake ni 498. Wanafunzi huamini kwamba anayeupanda kabla ya kuhitimu hatahitimu kamwe. Mimi si mtu wa ushirikina, lakini na zile krediti 20, nani angejaribu? Nilingoja miaka mitatu. Mwezi wa Oktoba 2023 ukaonekana wasiwasi mkubwa juu ya mnara mwenzake, Garisenda, ulioinama, na yote miwili ikafungwa kwa usalama. Kwa hiyo nilipohitimu mwaka wa 2024, nikiwa na taji la majani ya mloreli kichwani kama ada yao ilivyo, mnara ulikuwa umefungwa. Nikautazama kwa chini tu, nikaurushia mkono.

Wewe mwenye nia ya kwenda, shika haya. Vyuo vingi vya Italia hutaka uwe umesoma miaka 12 kabla ya chuo; mimi wa mfumo wa 8-4-4 nilikuwa nayo. Anza hati mapema, mwaka mzima kabla. Ulizia misaada ya mikoa hata kama alama zako si za kutisha, na uyasome masharti yake kabla ya kutia sahihi. Kibali cha mwanafunzi hukuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, lakini usitegemee hilo kulipa kila kitu. Jifunze lugha, pamoja na adabu zake.

Lakini hata kama huendi popote, kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji viza. Leo jioni katika muda wa masomo, fungua daftari lako, la Kemia au la Kiswahili, chagua sentensi moja unayoijua kwa moyo, kisha ujiulize swali la yule mzee. Ukipata jibu, mweleze jirani yako wa dawati kwa Kiswahili. Usipolipata, mwendee mwalimu kesho asubuhi, umwamkie vizuri, umuulize.

Wasalaam.